Kinywa cha Mama Mkwe

Nguo za mama mkwe wangu nilizifua mimi na kuzianika mimi, mchana kweupe, kwenye kamba inayopita mbele ya nyumba yetu ya Awindiri, mjini Arua. Magauni, vitenge, mashuka, na zile nyingine ambazo mwanamume mwenye adabu hazitaji. Nilikuwa nimevaa glavu nene za mpira. Wanawake waliokuwa bombani waligusana viwiko, kisha wakaangua kicheko. Mmoja wao, mteja wangu tena, ambaye gauni lake la Krismasi lilikuwa mezani kwangu likisubiri zipu, akapaza sauti: "Fundi, siku hizi wewe iko nafua nguo ya mama ya bibi?"

Niliomba ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka, nikaendelea kubana nguo kwenye kamba. Gauni la yule mama lilichelewa mpaka Krismasi ikapita, na sikumwomba radhi. Sina moyo mkubwa kiasi hicho.

Asiye wa kwetu ataniuliza aibu iko wapi hapo. Kwetu mama wa mkeo si mtu wa kuzoeana naye. Humpi mkono, huli mbele yake, hukanyagi anapolala. Mkikutana njiani, mmoja huingia majanini na kugeuza uso mpaka mwenzake apite, na watu wakiona hivyo husema kijana huyu kalelewa. Si chuki, ni heshima. Mimi ni Mlugbara wa Logiri, mke wangu ni Mkakwa wa Lobule, upande wa Koboko, binti wa mwanajeshi. Mama yake hajui Kilugbara, nami Kikakwa changu ni cha kuombea maji ya kunywa tu. Maneno machache tuliyoruhusiwa kusemezana tuliyasema kwa Kiswahili alichokiokota kwenye kambi za jeshi, enzi alipokuwa akimfuata marehemu mumewe. "Salama, mukwe?" "Salama, Mama." Tuliishi hivyo miaka mingi, tukipendana kwa mbali.

Halafu akaanza kuchoka. Tulimtibu malaria, tukamtibu taifodi, tukamtibu malaria tena. Fizi zikawa zinatoka damu, na mapajani, mke wangu aliniambia kwa kunong'ona, kulikuwa na mabaka meusi kana kwamba amepigwa. Mwishowe damu yake ikapimwa vizuri na tukatumwa Kampala. Huko wakasema ni lukemia, saratani ya damu. Mke wangu alikaa naye wodini miezi mingi, mama akipewa dawa kali za mishipani, mpaka seli mbaya zikawa hazionekani tena kwenye kipimo. Zilikuwa zimejificha tu. Ili zisirudi, daktari alisema, atakunywa vidonge nyumbani kila siku, kwa muda mrefu, na atakaa Arua karibu na hospitali badala ya kurudi Lobule.

Nilikwenda Kampala kuwachukua. Daktari akauliza nani atamhudumia mgonjwa nyumbani. Mke wangu akanyoosha mkono, na kwa furaha akamwambia pia kwamba ana mimba changa, aliyoipata alipokuja kunitembelea. Mimba zilizotangulia hazikukaa. Tulikuwa tumeacha hata kuzungumzia majina.

Daktari aliweka kalamu chini. "Basi si wewe," akasema.

Alitueleza polepole, nami nilielewa kwa namna yangu, namna ya mtu wa cherehani. Seli ikitaka kuzaa seli nyingine, lazima kwanza inakili maagizo yote yaliyo ndani yake, na kwa kazi hiyo inahitaji malighafi maalumu. Kidonge hiki, merkaptopurini, kinafanana na malighafi hiyo. Seli inakichukua bila kushuku, inakitia kwenye kazi yake, na kazi inaharibika. Nikakumbuka uzi uliokaa juani dirishani kwa muda mrefu. Ukiutazama ni uzi, rangi ni ileile, cherehani inaupokea, mshono unatoka mzuri. Vaa suruali hiyo, uiname mara moja, mshono wote unaachia. Anayeshona usiku na mchana bila kupumzika ndiye anayeharibikiwa zaidi, na hivyo ndivyo lukemia ilivyo, haipumziki.

Lakini mwilini kuna wengine wanaoshona haraka. Ngozi laini ya kinywa na ya utumbo hujifanya upya kila mara, na hao nao hupewa uzi mbovu. Uboho wa mifupa, unaotengeneza askari weupe wa damu, nao vilevile. Askari wakipungua mno, kidudu kidogo tu kinaweza kumuua mtu. Ini nalo linaweza kuchoka, macho yakawa manjano. Na wako watu ambao miili yao huivunjavunja dawa hii polepole kuliko wengine, kwa hiyo kipimo kinachomtosha jirani kwao ni sumu. Ndiyo maana damu lazima ipimwe mara kwa mara. Mtoto aliye tumboni, daktari akamaliza, yeye hana kazi nyingine isipokuwa kushonwa. Vumbi la kidonge kilichokatika, matapishi, mkojo, shuka lililolowa: mke wangu asiguse chochote cha hivyo.

Macho yote yakanigeukia. Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Mimi nikaitazama feni ya darini, ambayo hata haikuwa ikizunguka.

Tulitafuta mtu mwingine, msidhani nilijitolea kama shujaa. Mke wangu ni binti pekee. Kaka zake wote isipokuwa mmoja wako ng'ambo ya mpaka, upande wa Sudani Kusini, na mke wa kaka aliyebaki Lobule alikuwa akinyonyesha. Tulimleta binti mmoja wa kazi. Aliposikia saratani, alikunja mkeka wake akaaga kwamba anakwenda dukani, na sijui duka hilo liko wapi maana hajarudi hadi leo. Nikabaki mimi.

Nyumba yetu ina vyumba viwili. Nilishona pazia la kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, nikaweka pindo pana, nikalitundika katikati ya chumba cha mbele. Upande mmoja kitanda cha mama mkwe, upande wa pili cherehani yangu. Nilijivunia pazia lile. Niliona nimepata dawa ya aibu.

Kila jioni nilitia kidonge kwenye kisahani kwa kijiko, nikakisukuma chini ya pindo pamoja na kikombe cha maji. Kwa maji, si kwa maziwa, kwa sababu maziwa huipunguza nguvu dawa hii. Na yeye chai bila maziwa aliiita maji ya kuoshea vyombo, kwa hiyo ilibidi chai yake ya maziwa iwe ya asubuhi. Beseni nalo lilitoka chini ya pazia. Nililipokea nikiwa nimegeuza shingo upande, nikalipeleka chooni, nikalisuuza, nikarudisha.

"Mama, mwili iko namna gani?"

"Iko muzuri."

"Homa hakuna?"

"Hakuna, mukwe."

"Mudomo?"

"Mudomo iko sawa."

Hivyo tu, kila siku, nami nikarudi kwenye pedali yangu nikijiona mtu mwenye adabu zake. Mke wangu alikaa mlangoni na tumbo lake, akimtazama mama yake kwa mbali. Siku moja nilimkuta ameliinamia beseni, mkono uko nusu ya njia. Nilimpigia kelele ambayo majirani waliisikia. Alikaa chini akalia. "Ni mama yangu," akasema. "Yeye alifua zangu zote." Nilivaa glavu nikalichukua beseni.

Baba mdogo alikuja kutoka Logiri kwa baiskeli, habari zilikuwa zimemfikia. Hakuingia ndani. Alisimama kwenye kamba ya nguo, akaziangalia, akaniangalia. "Mutu ya kwetu," akasema, kwa Kiswahili ili na waliomo ndani wasikie, akatema mate pembeni. "Baba yako kama iko hai leo, angekufa tena." Nilimweleza habari za mimba na vidonge. Alisikiliza, akakubali kwa kichwa, na bado akaondoka bila kunywa maji. Maneno yake yaliniuma kwa sababu na mimi niliyawaza hivyohivyo.

Kisha uji ukaanza kurudi. Kikombe kilitoka chini ya pazia kikiwa kimejaa, nami nikauliza, naye akajibu kwamba ameshiba. Joto la Arua mnajua lilivyo kabla ya mvua, lakini nilisikia akiomba sweta. Nikampa sweta. Siku iliyofuata kijiko kilirudi na alama nyekundu. Nilijua ni damu. Mshona nguo anajua damu, vidole vyangu vimechomwa na sindano maisha yangu yote. Lakini nikasema moyoni: mwanamke mzima huyu, mama wa mke wangu, nitamuuliza vipi habari za kinywa chake mara ya pili, wakati ameshanijibu kwamba kiko sawa? Kumuuliza tena ni kumwita mwongo. Nikakiosha kijiko, nikanyamaza.

Mchana mmoja, mke wangu akiwa kliniki ya wajawazito, nilisikia kishindo upande wa pili wa pazia.

"Mama?"

Kimya.

"Mama, iko namna gani?"

Nilisimama mbele ya pazia. Hilo ndilo linalonichoma kuliko kicheko chote cha bombani. Nilisimama. Nilitoka nje nikatafuta mwanamke yeyote wa kuingia badala yangu. Bombani siku hiyo, kwa ajabu ya Mungu, hapakuwa na mtu. Nikarudi ndani nikasimama tena, mkono ukiwa kwenye kitambaa nilichokishona mwenyewe, nikisikia pumzi yake ikikwaruza, na bado nikangoja apige kelele, anipe ruhusa. Mtu mwenye saratani ya damu alikuwa chini sakafuni na mimi nangoja kukaribishwa.

Mwishowe nilivuta. Kamba ikakatika, pazia likaanguka lote. Alikuwa amelala ubavu, kitenge kimefunguka, mwili umelowa kuhara, na ngozi yake ilikuwa ya moto kama pasi. Alifumbua macho akaniona. Hata katika hali ile alijaribu kuvuta kitenge. Nilimzungushia pazia lile lile, nikambeba mgongoni hadi barabarani, tukapanda bodaboda, mimi nyuma nikiwa nimemkumbatia asidondoke, mbele ya soko zima.

Hospitalini walimtundikia dawa za kuua vijidudu kabla hata ya kuandika chochote. Majibu ya damu yaliporudi, askari weupe walikuwa karibu wameisha. Muuguzi alikimulika kinywa cha mama kwa tochi. Ndani kulikuwa kumechanika kote, ulimi, mashavu, hadi kooni. Vidonda vya namna hiyo, alisema, si vya jana. Akanigeukia.

"Nani anamwangalia kinywa nyumbani?"

"Namuuliza kila siku," nikasema.

"Sijauliza nani anamuuliza."

Mke wangu alikuwa ameshafika, amekaa mbali na kitanda kama tulivyofundishwa. Alinitazama, kisha akageukia dirishani. Ningependa angenigombeza. Muuguzi alizima tochi yake. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema, "na nyinyi mmefichiana wawili." Daktari alisimamisha kidonge kwa muda. Alidhani mama huenda ni mmoja wa wale wanaoivunja dawa polepole; akirudi kukinywa, atakunywa kidogo zaidi, na damu ipimwe kwa karibu. Kama angekuja mapema, kwa homa ya kwanza tu, mambo yangekuwa madogo. Homa kwa mtu wa dawa hii haisubiri kesho. Tulikuwa tumeambiwa hivyo Kampala. Nilikuwa nimesikia kwa masikio haya.

Siku kadhaa hatukujua kama ataishi. Mtoto aliendelea kucheza tumboni kwa mke wangu, naye akilia kwa sababu anacheza. Halafu asubuhi moja homa ikashuka, na mama mkwe akaomba maji. Nilikuwa nimekaa chini, nimegeukia ukuta.

"Mukwe."

"Mama."

"Mimi nilikuwa naona haya. Namna gani nitaambia wewe maneno ya kuhara? Wewe mukwe yangu."

"Mimi pia, Mama. Niliona damu kwa kijiko. Nikaona haya kuuliza."

Kicheko kilimtoka, kibaya, cha mtu mwenye vidonda, kikamuumiza akashika shavu. "Basi sisi wawili iko wajinga," akasema.

Tuliporudi Awindiri, nilivaa glavu nikalifua pazia, nikalitundika tena, kwa sababu bila pazia asingeweza kulala. Lakini tulipatana jambo moja. Kila asubuhi kabla ya chai, mimi ningelifunua upande, ningeweka kipimajoto, na ningemulika kinywani mwake kwa simu. Mara ya kwanza nilimulika ukuta badala ya kinywa. Yeye alipanua kinywa, akainua ulimi, na akafumba macho kabisa. Ndiyo njia aliyoipata ya kubaki mama mkwe. Mimi sikuweza kufumba. Nilikijua kinywa kile kuliko changu, fizi, mashavu, jino la mwisho la kushoto lililokosekana tangu kambini. Nilipomaliza nilisema, "Safi, Mama," au nilisema, "Twende hospitali," na tukaenda.

Nisiwadanganye kwamba niliizoea aibu ile. Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha maiti ana nafuu, maana maiti haamki akaomba chai. Huyu aliamka. Tulikutana macho juu ya kikombe, kisha kila mmoja akatafuta pa kutazama. Kamba ya nguo iliendelea kunifanya mada pale bombani. Mtoto wetu alizaliwa mzima, wa kike, mwenye sauti kali, na nilimgeuzageuza kila upande nikitafuta mshono ulioachia. Sikuuona. Bibi yake alinawa mikono mara mbili kabla ya kumpokea, akamnong'onezea kwa Kikakwa maneno ambayo mke wangu alikataa kunitafsiria.

Dawa zimekwisha sasa. Daktari hasemi kwamba amepona. Anasema tuendelee kupima. Mama mkwe hakungoja daktari atafute maneno. Alirudi Lobule kulima.

Juzi nilimpeleka mjukuu wake kumwona. Tulishuka barabarani tukafuata njia ya miguu kati ya mihogo. Mbele yetu akatokea mwanamke na jembe begani, anatembea kwa nguvu, nami nikamjua kwa hatua zake kabla ya uso. Na yeye akanijua. Hapo hapo akaacha njia, akaingia kwenye mihogo, akanipa mgongo. Nikafanya linalonipasa, nikageukia upande wa pili, kwenye shamba la simsim. Mtoto alisimama katikati akitutazama kwa zamu, akaamua sisi wote ni wendawazimu, akamkimbilia bibi yake.

Nilifurahi na kuumia kwa pamoja. Alikuwa amenirudishia heshima yangu, na nilikuwa nimezoea kuishi bila hiyo.

"Salama, Mama?"

"Salama, mukwe."

"Mwili iko namna gani?"

"Iko muzuri."

Maneno yaleyale ya nyuma ya pazia, kwa sauti ileile. Adabu ilitaka nipite, sisi ni watu wa njiani tena, na mtu akisema iko nzuri basi iko nzuri. Miguu haikuondoka. Sikuwa na haki ya kuuliza mara ya pili, na sikuwa na nguvu ya kutouliza. Nilisimama pale nikiangalia simsim kama mjinga.

Majani ya mihogo yakatikisika. Nikageuka. Alikuwa amenielekea, mtoto kiunoni, jembe chini. Alikuwa amefumba macho kabisa, amepanua kinywa mpaka mwisho, ulimi ameuinua juu. Jua liliingia lote ndani. Niliangalia fizi, niliangalia mashavu, niliangalia nyuma kushoto pasipo na jino. Sikuharakisha.

"Safi, Mama," nikasema.

Akafunga kinywa, akanipa mgongo, nami nikapita.